Cleopatra, Trajan na Qin wote wananichukia. Nimewakosea nini?

SWALI: Shikamoo kaka. Naishi Mwanga, Kigoma, na kazi yangu ni dagaa pale Kibirizi, kwa hiyo gemu nacheza usiku tu. Nina Civilization VI, ile gemu ya kompyuta ya kujenga na kuongoza taifa zamu kwa zamu, pamoja na nyongeza ya Gathering Storm. Natumia Amanitore wa Nubia, ngazi ya Prince, kasi ya kawaida. Nina miji minne mizuri, maajabu manne, na askari wachache kwa sababu mimi si mtu wa vita. Sijamvamia yeyote. Lakini kila nikicheza, ikifika zamu ya mia hivi, hakuna anayenitaka. Safari hii majirani zangu Cleopatra na Trajan walinishutumu wote wawili, na zamu ya 104 wakanitangazia vita kwa pamoja. Qin Shi Huang yuko ng'ambo ya bahari, naye amenishutumu. Kabla ya vita nilimpa Cleopatra dhahabu 200 bure, hakujali. Sasa ni zamu ya 112 na bado wananipiga. Je, kompyuta inapendelea? Na gemu hii nianze upya au bado inaokoka?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gemu yako inaokoka, usiifute. Mpango wa kuiokoa nimeuweka mwishoni, lakini kwanza nataka uone jambo uliloliandika mwenyewe bila kulitilia maanani: miji minne, maajabu manne, askari wachache. Hizo ndizo sababu tatu za maadui wako watatu.

Katika Civilization VI kila kiongozi anayeendeshwa na kompyuta ana ajenda yake, yaani jambo linalomfurahisha au kumchukiza kuliko mengine, na ajenda hiyo anakuja nayo kila gemu. Cleopatra anaheshimu jeshi. Akiona jeshi lako ni kubwa anakukaribia, akiona ni haba anakudharau na kukuambia hivyo usoni. Trajan anapima ardhi. Yeye hutanuka kadiri awezavyo, humpenda mwenye eneo kubwa, na mwenye eneo dogo hamhesabu kitu. Qin anataka maajabu yawe yake, na asiyeshindana naye katika ujenzi huo ndiye rafiki yake. Sasa jitazame kwa macho yao. Umejenga kidogo kwa Trajan, umejenga mno kwa Qin, na kwa Cleopatra huna ulinzi. Ni kweli hujamgusa mtu, ila katika hao watatu hakuna hata mmoja ambaye ajenda yake inathamini hilo.

Wachezaji wengi wapole hukwama hapa, na inaniuma kuona wanaiacha gemu nzuri kwa sababu hii. Tunacheza na kompyuta kama tunavyoishi mtaani: nisipomkosea mtu, naye hatanikosea. Kompyuta haina utu wa namna hiyo. Inafanya kile unachokifanya wewe kwenye daftari la wateja wako wa dagaa: upande mmoja alichochukua, upande mwingine alicholipa, chini jumla. Jumla ikiwa nzuri, kiongozi anacheka na wewe. Ikiwa mbaya anakununia, na ikizidi ubaya huku jeshi lako ni dhaifu, anakuja.

Uzuri wake ni kwamba daftari hilo liko wazi. Bofya sura ya kiongozi kule juu kulia kwenye skrini, kisha ufungue sehemu ya uhusiano. Utakuta orodha ya sababu, kila moja na namba yake ya kujumlisha au ya kutoa. Kwa Cleopatra nina hakika utakuta mstari wa kutoa unaohusu udhaifu wa jeshi lako. Huenda upo pia wa taswira ya kwanza aliyoipata mlipokutana, ambao hutolewa kwa bahati tu, na wa shutuma, yaani tamko rasmi la kukulaumu. Soma mstari kwa mstari, usitazame uso wake peke yake. Tafuta namba kubwa kuliko zote upande wa kutoa, na hiyo ndiyo iwe kazi yako ya zamu kumi zinazofuata. Zile ndogondogo ziache.

Ukisoma hivyo kwa muda utaona kuwa mistari ina tabia tofauti. Ule wa taswira ya kwanza hufifia wenyewe kadiri zamu zinavyopita. Wa ajenda haufifii, unakaa hapo muda wote ambao hali iliyouleta bado ipo. Ndiyo maana dhahabu zako 200 zilipotea. Zawadi huandikwa, lakini ni alama ndogo nayo hupungua, wakati udhaifu wa jeshi lako ulikuwa palepale kila zamu. Mpiganaji wa rungu, askari wa mwanzo kabisa, hununuliwa kwa dhahabu 160 na anatokea mjini papo hapo. Mmoja huyo angemgusa Cleopatra kuliko zawadi yote uliyompelekea. Mimi zawadi za dhahabu kwa mtu aliyekwisha kasirika sizipendi kabisa. Pesa yako mpe mtu ambaye bado hajaamua.

Ukasema inapendelea. Kwenye Prince, hapana: ngazi hiyo haimpi yeyote nyongeza, si wewe wala wao. Upendeleo unaanza ukipanda juu yake, na kwenye Deity, ngazi ya mwisho, kompyuta huanza na walowezi 3, wale wanaoanzisha miji, wakati wewe una mmoja. Hata huko, lakini, nyongeza hizo ni za walowezi, askari, uzalishaji na elimu. Ajenda ya Cleopatra haibadiliki, na bado unaweza kumfurahisha kwa njia ileile.

Sasa turudi nyuma mpaka zamu za mwanzo, kwa sababu uhasama wako wa zamu ya 104 ulipandwa kabla ya zamu ya 40. Unapokutana na kiongozi kwa mara ya kwanza, mpelekee wajumbe zamu ileile. Gharama ni dhahabu 25. Wakati huo hana chuki na wewe, kwa hiyo karibu kila mara atawapokea wajumbe wako. Ukingoja zamu kumi na tano ajenda yake ianze kufanya kazi, atakufungia mlango na hata pesa yako hataitaka. Wajumbe hao wanaleta alama ya kujumlisha na jicho ndani ya nchi yake, nalo jicho hilo lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Gemu hii ina ngazi za kujua habari za mwenzako, na ukimzidi ngazi moja, askari wako wanapata nguvu 3 za ziada wanapopigana na wake. Zaidi ya hapo, kila kiongozi ana ajenda ya siri inayobadilika gemu kwa gemu, na huijui mpaka upande kwenye ngazi hizo. Msafara wa biashara kwenda mji wake unakupandisha ngazi. Ubalozi pia, ukishafungua hatua ya utamaduni iitwayo huduma za kidiplomasia. Huo ni dhahabu 50.

Baada ya ujumbe, lenga tamko la urafiki. Nasisitiza hili kuliko yote, kwa sababu tamko hilo ni ukuta. Mkishatangaza urafiki, kwa zamu 30 yeye hawezi kukutangazia vita wala kukushutumu, na wewe huwezi kumfanyia hivyo. Si kwamba hataki. Gemu yenyewe haimruhusu. Jirani mwenye jeshi kubwa aliyefungwa na tamko la urafiki ni salama kwako kuliko jirani dhaifu asiye na tamko. Kwa hiyo omba mapema, na akikataa omba tena baada ya zamu chache. Akikubali, andika pembeni zamu ambayo urafiki unakwisha. Wengi hupigwa zamu ya 31, wakiwa bado wanaamini wana rafiki. Ukifikia hatua ya utamaduni iitwayo utumishi wa umma unaweza kupanda kutoka urafiki hadi muungano, nao ni wa aina tano: utafiti, jeshi, uchumi, utamaduni na dini. Kila aina unafunga na mmoja tu, basi wa jeshi usimpe mtu wa mbali.

Na hapa ndipo wapole wanakosea kwa mara ya pili: wanataka kuwa rafiki wa wote. Haiwezekani. Daftari la Trajan lina mstari unaohusu urafiki wako na adui yake, na kadiri gemu inavyokomaa ndivyo mataifa yanavyogawanyika makundi. Usipochagua kundi, utaishia kuwa yule ambaye makundi yote yanamkubali kama windo. Kwa hiyo chagua, na uchague kwa ramani, si kwa mapenzi. Wa kwanza ni anayepakana na wewe kwa ardhi. Wa pili ni anayepakana na huyo wa kwanza kwa upande wa pili, ili wa kwanza akikugeuka awe na mtu mgongoni. Wa ng'ambo ya bahari aje mwisho, na kama ajenda yake inakutaka uache jambo unalolipenda, mwache anune. Kwako huyo ni Qin. Wewe ni mjenzi wa maajabu na unafurahia kuyajenga, endelea nayo. Qin kuvusha jeshi baharini lifike kwako likiwa bado na nguvu ni kazi ambayo kompyuta huifanya vibaya.

Kuna mambo ya mipakani yanayoharibu hesabu bila mtu kujua. Hapa Tabora kijana mmoja wa Isevya alisikia kwamba Cleopatra anapenda jeshi, akatengeneza wapiga mishale wanane na kuwapanga wote kwenye mpaka wa Misri ili Cleopatra awaone vizuri. Tulipofungua ukurasa wa uhusiano tukakuta mistari miwili iliyokuwa ikipigana: mmoja wa kujumlisha kwa sababu ya nguvu za jeshi, mwingine wa kutoa kwa sababu ya askari karibu na mpaka. Ajenda inahesabu nguvu za jeshi lako popote lilipo. Aliwarudisha nyuma vigae vichache vya ramani, ndani ya ardhi yake, na ule mstari wa pili ukaondoka. Kiongozi akikuuliza kwa nini askari wako wako mpakani kwake na wewe ukaahidi kuwaondoa, waondoe kweli. Ahadi iliyovunjwa ina mstari wake, nao ni mzito. Vivyo hivyo akikuomba usijenge tena miji karibu naye, au usiwabadilishe dini watu wake. Kama huna nia ya kutimiza, ni afadhali ukatae waziwazi.

Biashara nitaipitia haraka. Bidhaa moja ya anasa inaliwaza miji yako 4, na nakala ya pili ya bidhaa ileile haikuongezei kitu, basi ukiwa na mbili iuze moja. Mwenye njaa ya anasa atakulipa dhahabu kila zamu, na mkataba huo atausitisha mwenyewe siku akikupiga, jambo linalomgharimu naye. Ruhusa ya kupita mipakani pia ni alama ya kujumlisha, nami humpa jirani yeyote ambaye nimekwisha funga naye urafiki. Bunge la dunia lisikusumbue kichwa bado. Fadhila za kidiplomasia unazokusanya kwa ajili yake zinauzika, na viongozi wa kompyuta hulipa vizuri kuzipata.

Nisiache jambo la vinyongo, kwa sababu ndilo linalokusaidia sasa hivi. Gathering Storm inaweka hesabu ya vinyongo kati ya kila mataifa mawili. Anayetangaza vita vya kushtukiza anajitwika vinyongo 150, na anayetangaza vita rasmi, baada ya kushutumu kwanza na kungoja zamu 5, anajitwika 100. Yaani shutuma ni king'ora: jirani akikushutumu, zamu tano tu zinatosha vita rasmi kufika, na hizo ni zamu za kununua ukuta na wapiga mishale, si za kupeleka zawadi. Walipokuvamia, deni likawa juu yao. Ukiteka mji wao mmoja sasa, unakula kwenye deni hilo, na mataifa mengine hayakuhesabu kuwa mchokozi maadamu mizani bado iko upande wako. Ukiteka mitatu umegeuza mizani, na dunia nzima itaanza kukuandika wewe.

Je, mtu aliyekuvamia anaweza kuwa rafiki? Sisi wa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya misafara iliyotoka Tabora kuja huko kwenu Ujiji. Henry Morton Stanley aliingia vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa, ikambidi azunguke kwa kusini ndipo akafika Ujiji. Mwaka 1876 watu hao wawili walikutana wakachanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo hakusahau kilichotokea. Alitazama nani ana faida gani kwake wakati ule, na mtu aliyewahi kupigana naye alikuwa amekuwa na faida. Cleopatra wa kompyuta ni mwepesi zaidi ya hapo, kwa sababu shutuma yake ina mwisho: zamu 30. Kama alikushutumu karibu na zamu ya 98, itaisha karibu na 128, na kuanzia hapo mlango unaweza kufunguka tena.

Basi mpango wako ni huu. Amani haipatikani kabla ya zamu 10 za vita kupita, kwa hiyo mpaka 114 kazi yako ni kutopoteza mji. Simamisha ajabu lolote unalojenga sasa, ndiyo, hata kama limebakiza zamu chache, labda liwe limebakiza moja. Jenga kuta katika miji miwili inayopakana na adui. Wewe ni Mnubi, na Wanubi huzalisha wapiganaji wa masafa haraka kuliko wengine, tena pitati, wapiga mishale wao maalumu, huenda hatua 3 pale mpiga mishale wa kawaida anapoenda 2. Kama hujapata silaha mpya zaidi, pitati nyuma ya ukuta wanatosha dhidi ya kompyuta, ambayo hutuma askari wake mmoja mmoja bila mpango. Usifukuze wanaokimbia. Kila kikosi unachoua kinapunguza jeshi lao na kuwasogeza kwenye meza ya amani.

Zamu ya 114 fungua mazungumzo na Trajan kwanza, kwa sababu yeye anapigana akiwa na sababu ndogo. Anza kwa kuomba dhahabu, usianze kwa kutoa. Mara nyingi kompyuta iliyochoka vita hulipa ili iachwe. Kisha Cleopatra. Mji wake usiuguse hata kama unaweza kuuteka, kwa kuwa huyu ndiye rafiki ninayekuchagulia, na vinyongo alivyojitwika kwa kukuvamia ni bora vibaki kwake. Mkataba wa amani utakupa zamu 10 ambazo hakuna wa kukupiga.

Katika zamu hizo 10 usilivunje jeshi. Hapo ndipo utarudia kosa la gemu zote zilizopita. Jeshi ulilolijenga kwa vita ndilo litakalobadilisha mstari wa Cleopatra, kwa hiyo liweke ndani ya ardhi yako, mbali na mpaka. Tengeneza walowezi wawili, ukiwa na kadi ya sera inayowaharakisha kwa nusu, na uwapeleke upande usioelekea kwa yeyote kati yao, pwani ikiwezekana. Hiyo ni ya Trajan. Msafara wako wa kwanza baada ya amani uende mji wa Cleopatra: kwa sifa ya Misri, utakuletea chakula 2 zaidi na yeye atapata dhahabu 2, na utapanda ngazi ya kujua habari zake. Kisha fungua ukurasa wake wa uhusiano kila baada ya zamu tano, na siku ule mstari wa jeshi ukigeuka kuwa wa kujumlisha na shutuma ikawa imeisha, omba urafiki zamu hiyohiyo.

Wanaocheza Unciv kwenye simu, ile ya bure, msiyachukue haya yote kama yalivyo. Hiyo imefuata toleo la tano, halina ajenda hizi za Cleopatra na Trajan. Urafiki, shutuma na mipaka vipo. Vinyongo vya 150 na 100 havipo.

Niandikie ukishafanya mazungumzo ya zamu ya 114, uniambie Trajan amekubali kulipa nini. Akikataa kabisa kuzungumza, nitumie picha ya ukurasa wake wa uhusiano tuitazame pamoja, kwa sababu hapo kutakuwa na mstari ambao hatujauona.